Toka karatasi za Berlin mpaka ujumbe wa simu: historia ya programu zinazopeana kazi

Katika makabini ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, watu wanajua sauti ile: simu inalia, ujumbe unaingia, na ujumbe unasema pesa imefika. Kwa mama anayeuza vitenge kwa WhatsApp, ni malipo ya mteja. Kwa jamaa iliyokimbia vita, ni msaada wa chakula wa mwezi. Mbele ya ujumbe ule mfupi kuna programu kadhaa ambazo hazikutengenezwa na mtu mmoja wala katika nchi moja. Moja inashika orodha ya majina, ya pili inahesabu, ya tatu inatoa amri ya kulipa, ya nne inatuma ujumbe. Hakuna mtu anayekaa katikati yake akinakili kwa kalamu.

Namna programu zilivyofundishwa kupeana kazi hivi ni historia ya zaidi ya miaka 70. Haikuanzia dukani. Ilianzia katika mji uliofungiwa njia, ambako watu walikuwa wakingoja chakula.

Mji uliofungiwa

Tarehe 24 mwezi wa sita 1948, Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji iliyokuwa ikiingia upande wa magharibi wa Berlin, Ujerumani. Ndani ya mji kulikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Marekani, Uingereza na washirika wao wakaamua kupitisha kila kitu kwa ndege: unga, maziwa ya unga, dawa, na zaidi ya yote makaa ya mawe ya kupashia nyumba moto. Njia zilifunguliwa tena tarehe 12 mwezi wa tano 1949, lakini ndege ziliendelea mpaka mwezi wa tisa. Kwa jumla zilifanya safari zaidi ya 277,000 na kubeba tani zipatazo milioni 2.3.

Ndege hazikuwa shida peke yake. Karatasi pia zilikuwa shida. Kila shehena ilikuja na orodha yake, kila upande ulikuwa na fomu yake, na lugha zilikuwa tofauti. Ndege ilishushwa mizigo kwa dakika chache, lakini kujua kilichoshushwa kulichukua muda mrefu zaidi. Mwanajeshi mmoja wa Marekani, Sajini Edward Guilbert, alishiriki kutengeneza orodha ya mizigo ya namna moja kwa wote. Kila habari ilikuwa na nafasi yake na mpangilio wake, hata ikaweza kutumwa kwa teleksi, kwa redio au kusomwa kwa simu bila upande wa pili kuchanganyikiwa.

Wazo lile lilikuwa dogo kwa kuliangalia. Kabla ya kuharakisha kazi, pande zote zipatane kwanza juu ya fomu. Aliyeandika na anayesoma wasihitaji kuonana. Mambo yote yaliyofuata yamejengwa juu ya hapo.

Kampuni kubwa zinachukua wazo

Vita vilipopoa, Guilbert alifanya kazi katika kampuni ya kemikali ya Du Pont, Marekani. Katika miaka ya 1960 alitumia fikra ileile kwa habari za mizigo kati ya kampuni hiyo na wasafirishaji wake. Mwaka 1968 kamati ya kupatanisha fomu za usafirishaji iliundwa Marekani, na mwaka 1975 ikatoa kanuni zake za kwanza. Mwaka 1979 kamati nyingine, inayojulikana kwa jina X12, ilianza kupanua kanuni hizo ziguse biashara za namna nyingi. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa nao ulipata kanuni zake, EDIFACT, ambazo bandari na forodha nyingi duniani zinazitumia mpaka leo.

Ndani ya kanuni za X12 kila karatasi ina namba yake. Namba 850 ni oda ya kununua. Namba 810 ni ankara. Namba 997 ni jibu fupi la kusema: ujumbe wako umefika na umesomeka. Namba 997 haisemi kwamba mzigo umefika. Inasema karatasi imefika. Tofauti hiyo ni ya kukumbukwa.

Wakati huohuo, mafundi wa kompyuta walikuwa na hoja yao. Mwaka 1964 Doug McIlroy, wa maabara ya Bell nchini Marekani, aliandika kwamba programu zingepaswa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani, kipande kwa kipande, kadiri ya kazi inayotakiwa. Mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson aliliweka wazo hilo ndani ya mfumo wa Unix. Kuanzia hapo, badala ya programu moja kubwa inayojaribu kufanya yote, programu ndogo zilifanya kila moja kazi yake vizuri, kisha zikakabidhiana.

Lakini mambo haya yalikuwa ya wakubwa. Kuunganisha kompyuta za kampuni mbili kulidai laini za pekee, mafundi wa kulipwa na miezi ya kazi. Duka kubwa liliweza kumlazimisha muuzaji wake aingie katika mpango au akose oda. Mfanyabiashara mdogo alibaki na daftari lake.

Duka linaingia kwenye intaneti

Mwaka 1995 Amazon ilianza kuuza vitabu kwenye intaneti, na eBay ilifungua mnada wake. Kwa mteja ilionekana kama muujiza. Kwa muuzaji mdogo ilikuwa kazi juu ya kazi. Oda iliingia kwa barua pepe. Yeye aliisoma, akanakili anwani kwenye bahasha, akapunguza idadi kwenye daftari la stoo, akaandika ankara, akamwandikia mteja kwamba mzigo umeondoka. Oda 5 kwa siku zinabebeka. Oda 100 zinamlaza mtu usiku wa manane, na usiku wa manane ndipo namba ya nyumba inaandikwa vibaya.

Mwaka 2000 mlango ulianza kufunguka. Salesforce, kampuni ya programu za wauzaji, na eBay ziliruhusu programu za watu wengine kuuliza maswali na kutoa amri moja kwa moja kwenye mifumo yao. Mafundi wanauita mlango huo API. Ni kama gishe la ofisi: huingii ndani kupekua makabati, unapeleka fomu iliyojazwa sawasawa, unapewa jibu. Fomu ikiwa na kosa, inarudishwa.

Mwaka 2004 kijana wa Kijerumani aliyehamia Kanada, Tobias Lütke, alitaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji kutoka mji wa Ottawa. Programu za duka alizozipata hazikumridhisha, akaandika yake. Watu wakaitamani programu kuliko mbao. Mwaka 2006 ikawa Shopify, na mwaka 2009 kampuni hiyo ilifungua gishe lake pamoja na soko la programu ndogo za kuongezea: moja ya ankara, moja ya kusafirisha, moja ya kuwaandikia wateja.

Bado kulikuwa na uzito mmoja. Programu ya stoo ilipaswa kuuliza kila baada ya dakika chache: kuna oda mpya? Hakuna. Kuna oda mpya? Hakuna. Ilikuwa sawa na kumtuma mtoto barabarani kila mara kuangalia kama lori limefika. Mwaka 2007 mtengenezaji wa programu wa Marekani, Jeff Lindsay, alieneza njia iliyopewa jina la webhook. Lori likifika, dereva mwenyewe anapiga simu. Duka likipata oda, lenyewe linatuma habari kwa programu zilizojiandikisha, papo hapo.

Kuunganisha bila kuwa fundi

Kufikia mwaka 2010 magishe yalikuwa mengi, lakini mwenye duka bado alihitaji fundi wa kuyaunganisha. Ndipo zikaja kampuni zilizouza uunganishaji wenyewe. IFTTT ilizaliwa San Francisco mwishoni mwa 2010. Mwaka 2011, katika mji wa Columbia jimboni Missouri, Wade Foster, Bryan Helmig na Mike Knoop walianzisha Zapier. Mtindo wao wote ni sentensi moja: ikitokea hivi, fanya vile.

Mfano wa dukani unaeleweka kwa urahisi. Malipo yakiingia, andika mstari katika daftari la mauzo. Mstari ukiandikwa, punguza kitenge kimoja katika stoo. Stoo ikibaki na vitenge 3, mjulishe mwenye duka. Halafu mtumie motari jina la mtaa na namba ya simu ya mteja. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya makarani wawili inafanyika kabla mteja hajarudisha simu mfukoni.

Mwaka 2019, Jan Oberhauser alianzisha n8n, programu ya kazi hiyohiyo, ambayo mtu anaweza kuiweka katika kompyuta yake mwenyewe na kusoma jinsi ilivyoandikwa. Aliianzishia Berlin, mji uleule uliolishwa kwa ndege na karatasi za namna moja.

Afrika inaleta kipande kilichokosekana

Mifumo hiyo yote ilidhani kwamba mteja ana kadi ya benki. Afrika ya Mashariki na ya Kati, watu wengi hawakuwa nayo. Mwezi wa tatu 2007, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwezi wa kumi na moja 2012, Vodacom iliileta M-Pesa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Leo M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndizo benki za watu ambao hawajawahi kukanyaga ndani ya benki. Ni vizuri kujua pia kwamba mpaka mwaka 2015 kompyuta zilizoshika hesabu za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kisumu alimtumia dada yake wa Mombasa pesa, na habari ilipita Ulaya kwanza.

Mwanzoni, pesa ya simu na duka la intaneti hazikujuana. Mteja alilipa, muuzaji akasoma ujumbe, akalinganisha namba ya malipo na oda, akanakili kwa mkono. Hapo ndipo wizi wa ujumbe wa uongo ulipata nafasi: mtu alionyesha maneno yanayofanana na ya kampuni, na muuzaji mwenye haraka akatoa mali. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua gishe lake kwa watengenezaji wa programu, ikaliita Daraja. Jina lilikuwa sahihi. Duka liliweza kupeleka ombi la malipo kwenye simu ya mteja, mteja akaweka namba yake ya siri, na jibu likarudi dukani lenyewe, bila mtu kusoma ujumbe wowote.

Kongo ina ugumu wake ambao programu za ng'ambo hazikuufikiria. Hapa pesa ni mbili, franka na dola, na simu moja inashika akaunti zote mbili. Programu isiyouliza ni pesa gani inaweza kuona 5,000 na kunyamaza, wakati franka 5,000 na dola 5,000 ni kama kilima na mlima. Pia Mkongomani ana nomu, postnomu na prenomu. Programu nyingi zina visanduku viwili tu vya jina. Karani mmoja anaacha postnomu, mwingine anaiunganisha na nomu, wa tatu anaanza na prenomu. Kwa jirani, mtu ni yuleyule. Kwa programu, ni watu watatu.

Mashine zikikosea, zinakosea haraka

Historia hii ina masomo yake mabaya. Mwezi wa nne 2011, kwenye Amazon, kitabu cha elimu ya viumbe kuhusu nzi kilipanda bei mpaka zaidi ya dola milioni 23. Hakuna mtu aliyeipanga bei hiyo. Wauzaji wawili walikuwa wameweka programu za kupanga bei. Ya kwanza ilifuata bei ya mwenzake na kuishusha kidogo sana. Ya pili ilichukua bei ya ile ya kwanza na kuizidisha kwa karibu 1.27. Kila siku moja iliitazama nyingine, na kila siku bei ilipanda. Kila programu ilitii amri yake vizuri kabisa. Aliyeligundua jambo hilo alikuwa mwana-sayansi Michael Eisen.

Mwezi wa kumi na mbili 2014, nchini Uingereza, ajali ilikwenda upande wa pili. Programu ya kupanga bei iliyounganishwa na Amazon iliharibika kwa muda wa saa moja hivi jioni, na mali za wauzaji wengi wadogo zikawekwa bei ya peni 1. Wanunuzi walikimbilia. Kuna wauzaji ambao mali yao ilishaondoka stoo kabla hawajajua kuna shida, kwa sababu programu ya bei ilikabidhi kwa ya oda, na ya oda ikakabidhi kwa ya kusafirisha, bila mtu kuulizwa.

Toka hapo mafundi waangalifu wanashika kanuni chache. Bei iwe na sakafu na dari. Kila malipo yawe na namba yake ya pekee, ili ujumbe ukifika mara mbili kwa sababu ya rezo mbaya, pesa isilipwe mara mbili. Na mahali fulani kwenye mnyororo awepo mtu mwenye haki ya kusimamisha.

Mnyororo unapofika kambini

Kwa jamaa zilizokimbia, mambo haya si hadithi ya wafanyabiashara wa Ulaya. Programu za kugawa msaada wa pesa zinafuata njia ileile ya duka. PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lina mfumo wake unaoitwa SCOPE wa kuandikisha wanaosaidiwa. Jina likiandikishwa, linaingia katika orodha. Orodha inapatana na namba ya simu au kadi. Amri ya malipo inatoka, na ujumbe unaingia. Hapo badala ya oda kuna haki ya jamaa, na badala ya mteja kuna mama mwenye watoto 6.

Mnyororo huu unategemea vitu ambavyo vita vinavunja. Wa kwanza ni rezo. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ilirudi karibu siku 20 baadaye. Programu nzuri kuliko zote haifanyi kitu bila njia ya kupita.

Wa pili ni pesa taslimu. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia Goma, benki zilifungwa. Pesa ya simu ikabaki karibu njia peke yake, lakini namba kwenye simu si unga. Lazima awepo mtu wa kabini mwenye noti mkononi, na noti zikipungua, gharama ya kutoa inapanda. Programu inaandika kwamba mtu amelipwa kamili. Haijui alichokatwa kabini.

Wa tatu ni mahali. Mwezi wa pili 2025, makambi ya pembeni ya Goma kama Bulengo na Lushagala yalibaki matupu kwa siku chache. Watu walirudi Masisi na Rutshuru au walijificha kwa ndugu mjini. Orodha haihami na watu. Mtu aliyeandikishwa kambini, aliyepoteza simu njiani, bado yuko kambini kwa mujibu wa programu, na simu yake bado inapokea. Pesa inatumwa kwa laini isiyo na mtu, na mbele ya jina lake inaandikwa: imetumwa.

Hapa ndipo namba 997 ya zamani inarudi na maana yake. Karatasi kufika si mzigo kufika. Imetumwa si imepokelewa. Orodha ya sajini wa Berlin ilifaa kwa sababu mwishoni kulikuwa na watu waliohesabu magunia yaliyoshushwa. Mfumo wowote unaohesabu yaliyotoka tu, bila kuuliza yaliyofika, unamwacha nje mtu wa mwisho wa mnyororo, na mtu huyo hana gishe la kugonga.

Mambo ya kushika mkononi

Kwa muuzaji mdogo na kwa jamaa iliyokimbia, ulinzi ni wa namna moja, nao hauhitaji kompyuta. Jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kadi ya mchaguzi, kwa mpangilio uleule, kila mara, na mwenye jina aombe kusomewa lilivyoandikwa kabla ya kuondoka mezani. Namba ya simu iliyoandikishwa, tarehe na mahali pa kuandikishwa viandikwe kwenye daftari, kwa sababu simu inaibiwa na betri inakufa. Ujumbe wa malipo usifutwe; ile namba ya pekee ndani yake ndiyo ushahidi ambao programu inaukubali. Laini ikipotea, irudishwe kwa jina lilelile badala ya kununua mpya na kunyamaza. Muuzaji aangalie salio lake mwenyewe, asiamini maneno yaliyo kwenye simu ya mteja. Na namba ya siri haipewi mtu, hata akijiita wakala wa kampuni au wa shirika.

Kwa wenye kuandikisha, historia ina ombi moja. Kosa linalofanyika mezani, chini ya turubai, mvua ikinyesha, litapita katika programu zote bila kusahihishwa, kwa sababu kazi ya programu ni kukabidhi, haikuwekwa kuwa na shaka. Programu inajua kilichoandikwa tu. Anayejua kama mama yule na jina lile ni mtu mmoja ni karani aliyemwona uso, au mkuu wa mtaa, au jirani yake. Meza ya kusahihisha majina inapaswa kuwepo siku zote za ugawaji, na iwe na mtu anayeweza kurudisha jina kwenye orodha siku hiyohiyo.